Nembo ya Kambi ya Tuli

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa jiwe kando ya mto.
Jiwe la nani?
La Pimbi na wanawe.
Na nani analitaka?
Kiboko!
Basi sogeeni, nisipige kelele.

Hapo kale Kiboko aliishi nchi kavu, mchana kutwa akila majani na kutamani cha mwenzake. Siku moja akasikia kwamba wanyama wa mbugani wanatafuta mahali pa kupumzika: padogo, pazuri, penye miti na maji. Akaja kwenye jiwe la Pimbi. Dii! Dii! Dii!

"We Pimbi, hama! Hapa najenga kambi ya wageni."

Pimbi akawatazama wanawe. Wamezaliwa juzi, wamelala ubavuni mwake. Ahamie wapi? Mwewe yuko juu, chui yuko chini. Lakini uso akaukunjua.

"Hewala, Mzee. Na kambi yenyewe inaitwaje?"

"Kambi."

"Mzee! Kambi ziko tele. Yako iite Tuli."

"Fupi mno. Mimi ni mnene."

"Na nembo je?"

"Ndiyo mdudu gani?"

"Alama yako, Mzee. Mgeni akiiona tu, roho inatua. Bila nembo, wageni watapita kama upepo. Nipe kazi ya kuichagua, nikimaliza nitahama."

Kiboko akakubali. Ile "Mzee, Mzee" ilimkolea.

Akaleta pembe za nyati, akasimamisha lango. "Hii ndiyo nembo!"

Pimbi akakuna shingo. "Hm-hm. Zuri, lakini si tuli."

Kiboko akapaka miti udongo mwekundu, mti hadi mti. "Hii ndiyo nembo!"

"Hm-hm. Unang'aa, lakini si tuli."

Akapanda kichuguu, akapanua kinywa, akanguruma: Mbwooo! Ndege wote wakatawanyika. "Na hii?"

"Hm-hm! Hiyo hata jina lake silijui."

Kiboko akachoka, akaketi, kichuguu kikabonyea. "Sasa tuli ni nini, wewe mtaalamu?"

Pimbi akamzunguka, jicho moja amelifumba. "Kumbe tunayo siku zote! Nembo ni wewe mwenyewe, Mzee. Ingia majini."

Chubwi!

"Zama kidogo." Akazama.

"Zama kidogo." Akazama.

Yakabaki macho, masikio na pua.

"Hapo hapo! Uzuri gani huo! Usitikisike."

Fwaa! Kiboko akapumua kwa raha. "Na jiwe?"

"Jiwe tupu ni kokoto tu, Mzee. Pimbi wakiota jua juu yake, hiyo ndiyo mandhari. Tukihama sisi, muundo wote umevunjika."

"Basi msihame, msiniharibie!"

Wakaja Korongo na mkewe, wako kwenye fungate. Bibi arusi akanong'ona, "Mume wangu, tazama yale macho majini! Palivyotulia hapa, hata mama yako angenyamaza." Wakakaa, wakasifu, wakaacha tikiti zima juu ya jiwe, ndiyo malipo. Kiboko akaanza kutoka.

"Tikiti langu!"

"Ss! Nembo haitembei. Wageni wanaangalia."

Akarudi chini. Jioni akauliza polepole, "Pimbi, mimi mwenye kambi naloa, wewe unakula tikiti juani. Ni haki hii?"

"Mzee, umewahi kuona nembo ikila?"

Kiboko akawaza, akawaza. "Sijawahi."

"Basi."

Na maji, kusema kweli, yalikuwa mazuri. Ndiyo maana hadi leo mchana yumo mtoni, macho, masikio na pua nje. Hutoka kula majani wageni wakishalala. Na Pimbi yuko juu ya jiwe na wanawe, matumbo juani.

Funzo lake, jamani, ni hili: mali ni ya mwenye nguvu, na mdogo akiambiwa hama, ahame upesi bila maneno.

Mnacheka nini?

Hapa ndipo ngano yangu ilipoketi. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni.