Suruali ya Bwana Mifugo

Sogeeni mniamulie kesi, ingawa siwaamini sana.

Kule Rungwe mvua haina adabu. Bwana mifugo Ambakisye huizunguka milima kwa baiskeli. Mwezi Machi alifika kwa Mzee Anyosisye kumzalisha ng'ombe, amelowa mpaka kiunoni, anatetemeka. Vidole vikakataa kazi, ndama akafia tumboni. Iliniuma hata mimi nisiye na ng'ombe. Ikabidi itafutwe suruali ya mvua, ya kuvaa juu ya suruali.

Tusekile, mwenye jicho la mitumba, akaenda kuitafuta sokoni. Muuzaji aliapa kuwa suruali zake zote hazipitishi maji.

"Anayeapa hajaulizwa ana lake jambo," alisema Tusekile. Akaweka mdomo kwenye kitambaa, akapuliza. Sita zilipitisha pumzi. Ya saba ikagoma, akainunua.

Mwasile, fundi cherehani, hakumwamini Tusekile. "Kitambaa sawa, lakini kila tundu la sindano ni mlango." Akasugua mshumaa kwenye mishono yote, akapitisha pasi ya uvuguvugu. Pale pa kukalia alirudia mara mbili.

Lugano, fundi baiskeli, hakumwamini yeyote. "Mguu mpana hivi? Cheni itautafuna hata hujafika mtoni." Akaufunga wa kulia kwa ukanda wa tyubu, kisha akachuchumaa akimtazama Ambakisye akikanyaga pedali mara kumi.

Aprili, mvua ikimwagika, ng'ombe mwingine wa Mzee Anyosisye akashindwa kuzaa. Ambakisye alifika mkavu, mikono ina joto. Akamgeuza ndama, akatoka jike mzima.

"Ndama huyu akiacha kunyonya, mpe aliyekufikisha mkavu awe wake," alisema mzee kwa furaha. Jina hakutaja.

"Bila mimi ungevaa chujio," alisema Tusekile.

"Chujio ulileta, mimi nikaziba," alijibu Mwasile. "Au ndama ulimpigia hesabu tangu sokoni?"

"Na mkavu aliyelala mtaroni anamzalisha nani?" aliuliza Lugano.

Ambakisye akaomba muda wa kufikiri. Hakupewa. Tusekile alisema suruali irudi kwake, Mwasile akasema ataibandua nta yake, Lugano akachukua kisu akausogelea ukanda.

Wakati huohuo mama mmoja akaja mbio kutoka ng'ambo ya mto: ng'ombe wake wa pekee amekwama tangu asubuhi. Mvua inanyesha. Ambakisye ameingiza mguu mmoja kwenye suruali, na watatu wale wameishika, wanataka jina kwanza.

Je, wewe ungelitaja la nani? Na kabla hujajibu, niambie: kati yao, ndugu yako ni yupi?