Nani Atawatuliza Manyigu?

Madaktari wanasema ndani ya damu ya mtu mna askari wanaopigana na maradhi, na mna askari wengine ambao kazi yao ni kuwazuia wale wa kwanza wasije wakaupiga mwili wao wenyewe. Wanalisema kama jambo jipya. Wanyama wa boma la Simba walilijua zamani, tena kwa kuvimba.

Mwaka huo ukame ulikausha kila dimbwi, kikabaki kisima kimoja bomani kwa Simba. Ua ulilindwa na manyigu. Tangu wadogo walifundishwa harufu ya kila mwenyeji, na aliyemchoma mwenyeji darasani alifukuzwa. Lakini hakuna shule inayomaliza wakorofi, na wachache walipenya. Hao ndio waliokuwa kazi ya Sungura. Kutwa alizunguka ua akiwatuliza, "Taratibu, bwana. Huyo wetu."

Fisi, mwenyeji kama wengine, alikuwa na njaa, na njaa ya Fisi haina likizo. Akawaza: wenyeji wakichomwa wakafa, mizoga ataila nani? Akamwendea Simba, akamsifu manyoya mpaka Simba akafumba macho, kisha akamnong'oneza kwamba Sungura anakunywa maji ya bure, maana hajawahi kumpiga adui hata mmoja.

"Askari asiyepiga ni wa nini, Mzee?"

Simba hakupenda kuonekana mzito wa kuelewa. Akamfukuza Sungura siku ile ile. Sungura akatoka na mkewe na watoto wanne, akaingia nyika isiyo na tone. Aliona uchungu, na aliogopa sana. Hawakufika mbali, watoto wakalala chini ndimi nje.

Kesho yake Punda akagaagaa majivuni kujikuna. Nyigu mmoja mkorofi akanusa majivu, akadai ni mgeni, na wenzake wote wakamvamia Punda. Wakamgeukia Mbuzi. Wakamaliza kwa Simba mwenyewe, pua ikaumuka kama andazi. Fisi hakungoja Punda akate roho. Akamng'ata paja, damu ikamtapakaa usoni.

Simba akakimeza kiburi chake, akamfuata Sungura nyikani.

"Rudi, ndugu yangu," alisema kwa pua iliyoziba. "Watoto wanywe kwanza."

Watoto wakanywa. Sungura akawapitia manyigu mmoja mmoja: huyo wetu, na huyo wetu. Wakatulia, mpaka walipomfikia Fisi, wakauliza:

"Na huyu, bwana Sungura?"

"Waambie mimi ni wenu," Fisi akasihi, mdomo umejaa manyoya.

"Kazaliwa humu," Sungura akajibu. "Lakini nyinyi mnanusa nini?"

"Damu ya Punda."

"Basi sina la kuwazuia."

Fisi aliruka ua na wingu zima la manyigu mgongoni, akatokomea nyikani alikomtaka Sungura afie. Punda alipona, ila anachechemea mpaka leo.

Kikulacho ki nguoni mwako.