Gidamu za Nyumba ya Hatano

Kisa natoa!

Mnatakiwa mjibu "toa tupokee," tena kwa sauti, si kunung'unika kama mnaoamshwa kwenda shule. Tuanze upya. Kisa natoa! Haya, angalau hiyo imesikika.

Kwanza nipeni hiyo simu. Ilete, Shaibu, haitayeyuka mapajani mwangu. Tangu adhuhuri mnabishana juu ya hadithi zenu za mizimu ya Kijapani, mpaka mchele niliokwisha kuuchagua nimeurudishia chuya zake. Shaibu anasema yule mwanamke wa nguo nyeupe anayesimama mlangoni ni laana ya ukoo, achomwe. Zulekha anasema hapana, yule ndiye anayemlinda mtoto wa nyumba. Na Mwanahawa hasemi kitu, amejifunika khanga yangu usoni. Mnanichosha. Mnatazama saa nzima na hamwoni jambo ambalo marehemu babu yenu alilielewa kwa kusimuliwa mara moja tu, melini, na Mjapani aliyekuwa akimenya naye viazi. Alilolisikia ndilo hili, na atakayenikata maneno atamalizia yeye kuchagua mchele.

Zamani, zamani ambayo hata wazee wa zamani waliiita zamani, huko Japani milimani, palikuwa na nyumba ya ukoo wa Hatano. Huko baridi ikiingia theluji huanguka mpaka inafika madirishani, na watu hutembea kwa ndara zilizosukwa kwa majani makavu ya mpunga. Ndara hizo zina gidamu, huo ukanda unaopita katikati ya vidole, kama wa kandambili zako, Shaibu, ulizozitupa katikati ya njia ili mimi nijikwae. Gidamu ikikatika, hutembei. Na huko gidamu ikimkatikia mtu anapotoka nyumbani, wanasema ni dalili mbaya.

Walikuwa na desturi nyingine, nzuri, na hii ishikeni. Anayetoka husimama kizingitini akasema, "Ninakwenda, nitarudi." Na aliyebaki ndani humjibu, "Nenda, urudi." Hakutoka mtu bila kuaga, na hakuaga mtu akanyimwa jibu. Mmeishika? Mtaniambia mmesahau, nawajua.

Basi nyumba ile ililetwa bibi harusi kutoka ng'ambo ya mlima, jina lake Osen. Mama mkwe wake aliitwa Otora, na mimi nimeona wakwe wa kila namna, lakini huyo Otora acha tu. Osen akazaa mtoto wa kiume, akafanya kazi, akanyamaza. Siku moja wakati wa theluji ikaja habari kwamba mama yake mzazi yu mgonjwa sana. Osen akaomba ruhusa aende. Otora akamwambia asubiri, kitambaa hakijaisha kufumwa. Kikaisha, akaomba tena. Akaambiwa asubiri, kuna wageni. Wageni wakaondoka. Osen hakuomba tena, alivaa shali yake akaenda kizingitini, akakuta ndara zake zote zimekatwa gidamu kwa kisu, zimepangwa safu moja vizuri.

Akasimama pale mlangoni hata hivyo. Akasema, "Ninakwenda, nitarudi." Nyumba nzima ilimsikia, na hakuna aliyemjibu. Akatoka miguu mitupu kwenye theluji, wakamkimbilia, wakamrudisha. Mama yake akafa pasipo kumwona.

Naona Zulekha umekasirika. Vizuri, angalau mmoja ana moyo.

Osen naye hakukaa sana. Akaugua, na alipokuwa anakata roho aliomba abebwe mpaka mlangoni. Akawaambia, "Kwenye mlango huu mlinizuia mimi. Sasa ni wangu. Hakuna wa nyumba hii atakayekwenda mbali bila ruhusa yangu." Akafa kichwa kikiwa kizingitini, na mwanawe mchanga akilia ndani.

Tangu hapo mambo yakaanza. Mtu wa Hatano akitaka kuvuka mlima, akikanyaga kizingiti, gidamu tap! Imekatika, hata ikiwa imesukwa jana. Na wao wakasema nini? Laana. Semeni na nyinyi. Laana.

Mwana wa Osen alipokuwa kijana alitaka kwenda sokoni ng'ambo. Gidamu tap! Akabaki nyumbani akinuna. Siku hiyohiyo theluji ikaporomoka kutoka juu ya mlima ikaifunika njia yote. Na wao wakasema nini? Laana, tumekosa soko. Mjukuu wake alitaka kwenda arusini. Gidamu tap! Akabaki. Daraja likachukuliwa na maji siku hiyo. Na wao wakasema nini? Laana, tumekosa pilau. Najua hawali pilau, Shaibu, tumekosa chochote wanachokula. Ndiyo hivyo, vizazi na vizazi. Walikumbuka kila gidamu iliyokatika na hakuna aliyekumbuka daraja. Nikifika hapa kila mara kichwa huniuma, kwa sababu walikuwa watu wazima, na macho wanayo.

Halafu wakafanya jambo la kipumbavu kuliko yote. Wakaacha kuaga. Walisema tukiaga Osen atasikia, akisikia atakata. Basi wakawa wanatoka kimyakimya, wengine kupitia uani, wengine wamebeba ndara kwapani kama wezi wa kuku. Baba hamuagi mtoto, mke hamuagi mume. Nyumba nzima ikawa watu hutoweka tu na kutokea tu. Na gidamu zikazidi kukatika.

Miaka ikapita, akaolewa humo msichana aitwaye Nobu, naye kwao ni ng'ambo ya mlima, kijiji kilekile cha Osen. Mumewe aliitwa Heita, kijana mpole. Baba mkwe wake aliitwa Jinbei, mzee mwenye maneno mengi na hofu nyingi zaidi. Ikafika siku, theluji ikiwa nje, mjumbe akaja kumwambia Nobu kwamba mama yake mzazi yu mgonjwa na anamwita.

Sasa mnaona tulipofika. Ni mlango uleule, na safari ni ileile. Nobu hakuwa na mama mwingine, na mama yule hakuwa na mtoto mwingine.

Nobu akajifunga shali, akatoka kimyakimya kama alivyofundishwa. Gidamu tap! Akakaa chini akalia. Mzee Jinbei akasema, si nilisema, laana. Akatuma mtu kumwita mganga wa milimani, mmoja mwenye shanga nene na baragumu la kombe. Mganga akapuliza baragumu mpaka mbwa wa kijiji wakahama, akatoa karatasi zilizoandikwa kwa wino mweusi, akazibandika juu ya mlango na pembeni na kwenye kizingiti. Akasema Osen amefungwa, nendeni popote mtakapo.

Heita akasema atangulie yeye, aione njia na amwambie mama mkwe kwamba mwanawe anakuja. Akakanyaga kizingiti. Gidamu ikashika. Wakapiga makofi, Jinbei akatoa machozi ya furaha. Heita akapanda mlima, na huko theluji ikaporomoka. Wachoma mkaa walimfukua akiwa hai, mguu umevunjika. Katika vizazi vyote vya Hatano, huyo ndiye wa kwanza kuumia njiani.

Na wao wakasema nini?

Ndiyo. Laana imeongezeka nguvu! Jinbei akamrudia mganga, zikaja karatasi nyingine, zikabandikwa juu ya zile za kwanza mpaka mlango ukawa haufungiki. Jamani. Unamfunga mlinzi, mwizi anaingia, kisha unasema mlinzi hakufungwa vya kutosha. Ningekuwepo ningempiga huyo mzee na upawa.

Nobu alikuwa akimkanda Heita mguu kwa maji ya moto. Akamuuliza, "Mume wangu, wale wote waliokatikiwa na gidamu, kuna aliyekufa njiani?"

Heita akasema watakufaje njiani na hawakwenda?  Wote wawili wakageukia mlango. Kisha Nobu akachukua lile beseni la maji ya moto akaenda nalo mlangoni, akaanza kulowesha karatasi na kuzibandua.

Jinbei akaja mbio. "Mwanangu, unafanya nini?"

"Baba, tangu niolewe hapa sijasikia mtu akiaga."

"Tukiaga atasikia."

"Nataka asikie," Nobu akasema. "Yule bibi hakusema hakuna atakayekwenda. Alisema bila ruhusa yake. Ni nani aliyewahi kumwomba?"

 Walikuwa wamemchomea ubani, wamemtupia chumvi, wamempulizia baragumu. Kuomba ruhusa, neno moja la adabu ambalo hata Mwanahawa hapa analijua, halikumjia mtu.

Nobu akaubandua mlango mpaka ukabaki mbao tupu. Akavaa ndara, akapiga magoti kizingitini, akasema wazi, nyumba nzima ikisikia, "Shikamoo Bibi Osen." Basi, shikamoo ya huko, Shaibu, sijui wanasemaje. "Mimi ni Nobu, mke wa Heita, na Heita ni damu ya mwanao. Mama yangu ni mgonjwa ng'ambo ya mlima. Wewe walikunyima jibu, na mimi nimeona aibu kwa ajili yao. Ninakwenda, nitarudi. Naomba ruhusa."

Akanyanyuka, akakanyaga. Gidamu tap!

Jinbei akajipiga paja. Lakini Nobu hakulia. Akakaa akisuka gidamu mpya, masikio yake nje, na kabla jua halijapanda, mlima ukanguruma na theluji ikashuka yote palepale alipofukuliwa Heita. Nobu akaweka mkono kizingitini akasema, "Ahsante, Bibi." Kesho yake akaomba tena, ikakatika tena, na tufani ikaja. Aliogopa sana, jamani, msidhani hakuogopa. Kila siku iliyopita ilikuwa siku ya mama yake. Lakini akaomba tena. Hata ikaja asubuhi tulivu, baridi kali, theluji imeshikana mlimani, haiporomoki. Nobu akaaga. Akakanyaga. Gidamu ikashika.

Na nyuma yake, ndani, Heita akiwa amelala na mguu wake, akasema kwa sauti, "Nenda, urudi." Maneno hayo hayakuwa yamesemwa katika nyumba ile tangu walipoacha kuaga.

Nobu akavuka mlima. Akaingia kwa mama yake akamkuta hai, amedhoofu, macho yamemtoka. Wakashikana wakalia, kisha yule mama akachungulia nje akasema, "Mwenzako mbona umemwacha uani? Yule mwenye nguo nyeupe. Mwite, hana viatu."

Nobu akatoka. Uani hapakuwa na mtu. Lakini kwenye theluji aliona nyayo zake mwenyewe za ndara, zimeshuka kutoka mlimani, na pembeni yake, hatua kwa hatua, nyayo za miguu mitupu. Zilikuwa zimemsindikiza njia nzima mpaka pale langoni. Kisha zikageuka peke yake, zikakata uwanja, zikaenda mpaka kwenye kiwanja cha zamani chenye mawe ya msingi tu, palipokuwa na nyumba ya kwao Osen. Zikapanda palipokuwa na kizingiti, zikaingia ndani. Hazikutoka.

Mwanahawa, usilie, amefika. Si nimekwambia amefika?

Nobu alimuuguza mama yake mpaka akapata nguvu za kumgombeza, akarudi kwa mumewe kama alivyoahidi. Na gidamu hazikukatika tena katika nyumba ya Hatano, hata za ovyo. Wakacheza ngoma, wakasema laana imeondoka. Kisha mvua ya kwanza, mzee Jinbei akatoka bila kuangalia mawingu, kwa sababu maisha yake yote alikuwa na mtu wa kumwangalilia, akateleza darajani akang'oka meno ya mbele. Na mnadhani alisema nini, akiwa amelala kwenye tope? Alisema, ole wetu, kinga yetu imetutoka! Akamwita yuleyule mganga, na baragumu lilelile, amrudishe Osen mlangoni. Huyo mzee simwezi, nimeshindwa. Nobu ndiye aliyemfukuza mganga. Alimwambia baba mkwe wake kwamba bibi yule amekwenda kwao, aachwe apumzike, na kuanzia leo mawingu tutayatazama wenyewe.

Sasa Shaibu utaniuliza, Bibi, ilikuwa laana au kinga? Naiona imekukaa kooni. Alikuwa mama aliyekasirika, mwanangu. Mama aliyekasirika ni vyote viwili, nawe unaishi na mmoja, hukupaswa kwenda kutafuta Japani. Anakupigia kelele huku ameshika shati lako usianguke kisimani. Basi mkiona kivuli mlangoni katika hizo hadithi zenu, msikimbilie kuuliza kinatisha au hakitishi. Ulizeni nani alikinyima jibu, na anayekiogopa amekwisha kukiomba radhi? Wenye nyumba wengi hawajaomba, wanabandika karatasi tu.

Kisa nimetoa, nanyi mmepokea. Kikiharibika, kimeharibikia mikononi mwenu.

Na wewe, Shaibu, unakwenda wapi, umebeba kandambili kwapani? Rudi hapo mlangoni. Simama vizuri. Sema.

Haya. Nenda, urudi.