Aliyefagia Mfereji Mkavu

Mtu mmoja alikuwa na shamba mwishoni mwa mfereji. Jina lake Yonazi, na mfereji huo, ulioteremsha maji maili tatu kutoka mlimani, uliitwa Kisheru. Kila mwenye shamba alikuwa na kipande chake cha mfereji cha kuzibua na kufagia, na maji yaligawanywa kwa zamu, kuanzia juu kwenda chini. Aliye mwisho alipata kilichobaki. Shamba la Yonazi halikuwa limepata kitu tangu enzi za baba yake, kwa kuwa mfereji uliishia kabla ya kulifikia. Lakini yeye aliota kuliona likiwa kijani, na kwa ajili hiyo akachimba hatua mia mbili zaidi.

Mwaka alipomaliza kuchimba, chemchemi ya mlimani ilikauka.

Mwaka ule watu walifagia. Mwaka wa pili walifagia wachache. Mwaka wa tatu hakufagia mtu, ila Yonazi. Alipomaliza kipande chake aliingia cha jirani, kisha cha jirani wa jirani, mpaka akafika kwenye banio, pale maji yanapoingizwa mferejini. Mahali pamoja tu hakupagusa. Kajiru, mwenye kipande cha katikati, alikuwa amepanda mihogo ndani ya mfereji, maana udongo wa mle ulikuwa na rutuba. Mazao ya mtu hayang'olewi na mwingine. Kila mara Yonazi alipofika hapo aliweka jembe begani, akapita pembeni, akaendelea mbele.

Kajiru alimtazama akacheka. "Baba Eliamani, mijusi wanakushukuru. Umewafagilia barabara."

"Maji yakija," Yonazi akasema, "hayatanisubiri nichimbe."

Nyumbani kwake njaa ilikuwapo. Mkewe, Nakijwa, alichemsha mboga za porini bila chumvi. Juu ya meko kilining'inia kibuyu cha mbegu za maharage zilizohifadhiwa kwa majivu. Siku moja alikishusha, akakipakata muda mrefu, kisha akakirudisha mahali pake.

Mwaka wa tano, saa saba mchana, jua likiwa kali, mijusi walitoka mferejini wakikimbia. Nyuma yao wakaja siafu. Ubaridi ukapita, na harufu ya udongo uliolowa. Kisha majani makavu yakaanza kutembea yenyewe, na chini yake yalikuwa maji, mekundu, yenye povu mbele, yakija polepole kama mtu anayeijua njia. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani siku tatu, na huku chini hawakuona hata wingu.

Watu waliacha kazi zao wakayafuata. Penye mihogo ya Kajiru maji yalisimama, yakapanda, yakaanza kutafuta pa kumwagikia korongoni. Kajiru akatazama juu, akayaona. Akatazama chini, akaona mfereji uliofagiwa ukienda mpaka macho yanapokoma. Akaingia majini hadi magotini, akang'oa mihogo yake yote kwa mikono.

Jua lilikuwa linashuka maji yalipoziingia zile hatua mia mbili za mwisho. Siku hiyo hakuna aliyedai zamu. Nakijwa alikuwa amesimama shambani na kibuyu mikononi, majivu ameshayapepeta. Yonazi akavua kofia, kama mtu anayempokea mgeni mkubwa, wala hakuivaa tena mpaka mchirizi wa kwanza ulipomlowesha miguu.

Waliosimama pale walikuwa wengi, na wote walikuwa wameyaomba maji hayo kwa miaka minne. Nakuuliza wewe unayenisikiliza: yakishuka leo, yatakuta nini katika kipande chako?