Mlango wa Mama Wakesho

Mlango usioujua huufungi. Methali hiyo mmeisikia leo dukani, fundi akimwambia mteja, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Si ya wahenga wa kale. Ilizaliwa kwenye matanga, huku huku milimani Taita. Majina nimeyabadili, lakini ilianza hivi.

Alikuwapo fundi wa kompyuta, Mghendi. Kazi yake ilikuwa nzuri, ila hakupenda kusumbuliwa. Kila kompyuta aliyoiuza aliiachia mambo yote ya mtandao yakiwa yamewashwa, hata yale ambayo mteja hakuyahitaji. "Nikiyazima," alisema, "kesho utanipigia simu kwamba kitu fulani kimegoma. Heri kila kitu kiwe tayari." Watu walimsifu. Hawakujua wamepewa nini.

Mmoja wa wateja wake alikuwa Mama Wakesho, mkewe Mwalimu Mwadime. Mwalimu aliongoza kwaya, na alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi. Mgeni hakukaribishwa ndani kabla Mwalimu hajavaa viatu. Ugonjwa ulipomlaza, daktari wake aliyekuwa Mombasa aliomba atumiwe video aone anavyogeuka kitandani. Mwalimu alikubali kwa sharti moja.

"Daktari tu, Wakesho. Mtu mwingine asinione hivi."

Mkewe akaahidi. Akaiweka kompyuta kando ya kitanda, akarekodi kwa kamera yake, akamtumia daktari, na video ikabaki kwenye kompyuta.

Mwalimu alipofariki, televisheni kubwa iliwekwa chini ya hema ili waombolezaji watazame picha zake. Mghendi mwenyewe ndiye aliyeiunganisha na mtandao wa nyumba. Mzee Mkala, ndugu wa marehemu, akashika rimoti.

"Mbona hapa pameandikwa kompyuta ya Wakesho?"

"Fungua tu, mzee, picha zimejaa humo," Mghendi akajibu, akijivuna kidogo. "Kwangu mimi hata waya hauhitajiki."

Mkala akabonyeza. Kilichoonekana sitakieleza chote. Yatosha kusema kwamba mkewe alikuwa akimsafisha Mwalimu, Mwalimu akilia, na kilio chake kilitoka kwenye spika zilizoletwa kwa ajili ya nyimbo. Wanakwaya waliangalia chini.

"Zima! Zima, wewe mzee!" mmoja wao akapaza sauti.

Mkala akababaika, akabonyeza kitufe kisicho chenyewe, sauti ikapanda. Mghendi akarukia waya wa umeme, akaung'oa.

Alipogeuka, Mama Wakesho alikuwa amesimama mlangoni.

"Mghendi, imefikaje huko? Mimi sikuituma."

"Haikutumwa, mama. Kompyuta yako huonyesha picha na video zake kwa mashine yoyote ya humu nyumbani. Iko hivyo tangu siku niliyoileta."

"Nilikuomba?"

"Hapana, mama. Lakini pana mahali pa kuizima. Ungeweza kuzima."

Alitamani ayameze maneno hayo, lakini yalikwisha kumtoka.

"Mlango nisioujua, mwanangu, ningeufungaje?"

Mama mmoja wa kwaya akaguna. "Na kwangu je? Umeniachia mingapi?"

Mghendi aliingia ndani. Akaizima njia hiyo ya kompyuta kuonyesha video, Wakesho akimtazama mkono. Ilikuwa kubonyeza mara moja.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mama."

"Basi," akasema Wakesho, "nilimwahidi kitu nisichokuwa nacho."

Baada ya mazishi Mghendi alizipitia nyumba zote alizouzia kompyuta. Kilichomlinda mwenye nyumba alikiacha kikiwaka. Kilichomfungua kwa wengine alikizima, akamwambia, "Siku ukikihitaji, niulize." Kuna waliomcheka: "Huyo anakuja! Vaeni nguo!" Aliinama akafanya kazi, masikio yakimwaka moto.

Mama Wakesho alimsamehe mapema, na msamaha huo haukumpunguzia kitu. Kila walipokutana njiani, Mghendi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuangalia pembeni.

Baadaye alipata wanafunzi. Waliona anazima mambo mengi, wakamwuliza sababu. Angeweza kuwasimulia. Lakini kusimulia kungekuwa kumleta tena Mwalimu mbele za watu akiwa vile vile, bila shati. Kwa hiyo kila walipomwuliza alisema maneno haya tu, nao wakayachukua wakaenda nayo hadi madukani mlikoyasikia: mlango usioujua huufungi.