Ua wa Bwana Mwinjuma na Fundi wa Bustani

Wenzangu, nifungue mdomo?

— Fungua!

Nikizidisha chumvi mtanivumilia?

— Zidisha, tunaonja!

Basi sogeeni. Wa nyuma njooni mbele, hadithi hii haina mlango.

Zamani, kabla bibi yangu hajaota meno, palikuwa na mji unaoitwa Mteremkoni. Ndio kwetu. Nikijisifu mniache, maana kwa usafi mji ule haukuwa na wa kuushinda. Kila asubuhi, kabla ya chai, kila nyumba ilikuwa inafagia ua. Chwa! Chwa! Chwa! Taka na vumbi vinasukumwa kuelekea chini, mpaka ukingoni mwa ua, vinaachwa huko.

Na katika wafagiaji wote, wa kwanza alikuwa Bwana Mwinjuma. Ua wake ulikuwa mtupu, mgumu, unang'aa. Alikuwa na mke, Bi Sikudhani, na binti mmoja tu, Mwanaasha. Binti amechumbiwa, harusi imepangwa mwezi wa mvua.

Sasa sikilizeni desturi yetu. Karamu ya harusi huliwa uani kwa bibi harusi. Ua ukishindwa kupokea watu, karamu inahamia kwa bwana harusi, na baba wa binti anakwenda kukaa jamvini kama mgeni mwalikwa. Nani anaitaka aibu hiyo?

— Hakuna!

Hakuna kabisa. Lakini ua wa Mwinjuma ulikuwa na ugonjwa. Mvua ikinyesha, maji yanajaa mpaka vifundoni na hayatoki.

Mwinjuma akapanda mawaridi mstari mzima. Mvua ikaja, mawaridi yakaoza. Mkewe akasema, "Baba Mwanaasha, mwite Bi Kidawa. Kazi yake ni kupanga bustani za watu." Mwinjuma akacheka. "Jembe ninalo, mikono ninayo, nimwite mtu wa nini?"

Akapanda migomba karibu na ukuta, ati itakunywa maji. Mvua ikaja, ukuta ukalowa, ukaota ukungu. "Mwite Bi Kidawa." "Jembe ninalo, mikono ninayo, nimwite mtu wa nini?"

Akamwaga mchanga, tela nzima ya ng'ombe. Mvua ikaja, mchanga ukageuka uji. Mkewe safari hii hakusema kitu. Mwinjuma akajijibu mwenyewe, kwa sauti ndogo, "Jembe ninalo, mikono ninayo..."

Miezi miwili kabla ya harusi, Bi Riziki, mama wa bwana harusi, akatuma salamu: "Mkwe, habari za ua wako tunazo. Kama ni shida, karamu tuandae kwetu." Salamu za heshima hizo, lakini ziliingia kama mwiba. Chai ikampoa Mwinjuma mkononi.

Mwanaasha akamwambia, "Baba, mimi nataka kutokea mlango huu. Mlango wa kwetu."

Mwinjuma akavaa kanzu akaenda kwa Bi Kidawa.

Bi Kidawa alikuja mikono mitupu. Mwinjuma akamtazama: hana jembe! Siku ya kwanza alikaa tu, akaangalia jua linapopita. Siku ya pili akaangalia miguu ya watu inapopita. Akamuuliza Bi Sikudhani, "Nguo unaanika wapi? Wageni unawapokea wapi? Na wewe ukichoka, unakaa wapi?" Swali lile la tatu likamgusa Bi Sikudhani. Tangu aolewe hajaulizwa. Machozi yakamlengalenga, akasingizia moshi.

Siku ya tatu akamwaga ndoo ya maji juu ya ua. Maji yakatelemka, yakafika katikati, yakakaa.

"Bwana Mwinjuma," akasema, "ua wako una adabu nyingi mno. Mmeufagia miaka ishirini. Kila asubuhi mmeondoa udongo katikati, mmeurundika ukingoni. Mmejichongea bakuli."

Mwinjuma alitaka kukasirika. Akautazama ule ukingo wa taka, umefika magotini. Hasira haikuja.

Bi Kidawa akachukua majivu, akachora mistari. "Chimba hapa. Hapa acha." Mwinjuma akachimba. Ukingo ukavunjwa, udongo ukarudishwa katikati, mfereji wa mawe ukazunguka nyumba. Bi Kidawa hakutupa hata wazo moja la Mwinjuma. Migomba akaihamishia bondeni, maji yanakoishia. Miche mipya ya mawaridi, juu penye jua. Mchanga ukawa njia, pale pale miguu inapopenda kupita. Mchaichai ukashika udongo. Na kando ya mlango wa jikoni, asumini na kibaraza cha mtu mmoja.

Siku ya harusi ikafika. Mvua nayo?

— Ikaja!

Ilikuja na ndugu zake wote! Watu chini ya turubai wanatazamana. Maji yakashuka mlimani, yakaingia mferejini, yakapita pembeni kwa heshima zake, yakaenda kwenye migomba. Pilau inaliwa. Mwanaasha akatokea mlango wa kwao, pindo la nguo yake kavu. Vigelegele vilizidi mvua.

Bi Riziki akasimama. "Mkwe, ua huu kaupanga nani?"

Kifua kikamvimba Mwinjuma. "Mimi! Kwa jembe langu!"

Bi Kidawa alikuwa palepale kwa wanawake. Akaendelea kula.

"Mashallah!" akasema Bi Riziki. "Basi kesho twende kwangu. Kule maji yanaingia mpaka jikoni. Ukatupangie."

 Mwinjuma angeweza kusema, "Nitakuja." Uongo huo mwepesi. Lakini akamwona Mwanaasha. Jikoni humo ndimo atakamopika. Maji hayo ndiyo atakayokanyaga.

"Mkwe," akasema, "nimesema uongo mbele yako. Aliyepanga ni Bi Kidawa, yule pale. Mimi nilichimba aliponiambia chimba."

 Watu wakageuka kumtazama Bi Kidawa.

Bi Kidawa akafuta mikono. "Na amechimba sawasawa," akasema. "Mstari niliochora, hakuupinda hata kidole."

Bi Riziki akamshika Bi Kidawa mkono, akamketisha mbele, pembeni ya mama wa bibi harusi. Na Mwinjuma, mnadhani alijificha? Uso ulimwaka aibu kidogo, kisha ukatulia.

Kesho yake alipita katikati ya mji, jembe begani, shingo juu. Watu wakamuuliza, "Bwana Mwinjuma, wapi?"

"Kwa mwanangu, kuchimba," akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. "Fundi wangu huyo anakuja nyuma. Mpisheni!"

Ulimi wangu umekomea hapo. Ikiwanogea, mgawieni jirani. Isipowanogea, nirudishieni, nitaila mwenyewe!