Asiyelia Matangani kwa Kwale

Paukwa!

Pakawa!

Hadithi njoo, ushahidi njoo, uvumi kaa mlangoni.

Hapo zamani za kale, mashahidi wote walikubaliana kwa haya: kwamba Kwale alikufa alfajiri, kwamba matanga yaliwekwa uwanjani kwa Mfalme Kiboko, na kwamba Kakakuona, rafiki wa marehemu, hakulia. Zaidi ya hapo, kila mmoja alisema lake.

Desturi ya nchi hiyo ilikuwa hivi: asiyepiga mayowe msibani hana kauli kaburini. Nyani alilia akagaagaa. Kunguru alilia akakaukwa na sauti. Fisi alilia hadi wageni wakampa pole yeye, ingawa kila sinia lilipopita alinyamaza kidogo. Hao ndio waliokata shauri kwamba Kwale azikwe katikati ya uwanja, kando ya ngoma kuu, apate heshima.

Kakakuona alisikia shauri hilo. Hakuwa mtu wa mikusanyiko. Penye watatu, kwake wawili walikuwa wamezidi. Lakini jioni nyingi yeye na Kwale walikaa kichuguuni wakila mchwa, pengine bila neno hadi giza likaingia. Huko ndiko Kwale alikomfungulia moyo. Sasa hasira ilimsimamisha mbele ya umati.

"Bwana Nyani, umemlilia Kwale. Alikuwa akiogopa nini?"

"Chui. Nani hamwogopi?"

"Bibi Kunguru, umemlilia Kwale. Alikuwa akiogopa nini?"

"Mwewe, bila shaka."

"Bwana Fisi, umemlilia Kwale. Alikuwa akiogopa nini?"

"Njaa," akasema Fisi, watu wakacheka. "Na wewe, mkavu kama gome, unajua nini?"

"Alikuwa akiogopa kuzikwa mbali na kichuguu. Vifaranga wake walioungua mwaka wa moto wamelala pale. Aliniomba nimlaze nao."

Kiboko akauliza ni nani mwingine aliyesikia. Hakuwapo. Waliozungumza walikuwa wawili, na mmoja sasa ni maiti. Basi, akasema mfalme, neno lisilo na shahidi si neno, ila mayowe yamesikiwa na nchi nzima. Tazameni sheria hiyo! Siri ilidaiwa shahidi. Machozi ya Fisi hayakudaiwa hata sababu.

Kakakuona alikwenda kwenye kaburi lililochimbwa uwanjani, akashuka ndani, akajikunja mviringo, magamba nje. Nyani alimvuta mkia, hakukunjuka. Kunguru alimdonoa, hakukunjuka. Fisi alimng'ata, jino likavunjika, hakukunjuka. Waliposhika majembe ili wamfukie, kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.

Hadithi yangu imefika ukingoni mwa kaburi, nami naiachia hapo. Kwale yungali mkekani, na jua linazidi kukaza. Ninyi mliosikia pande zote, amueni: azikwe wapi, na katika umati ule, ni nani aliyefiwa?